Maji Yenye Harufu ya Moshi

Wahenga hawakusema "chelewa" mara moja wakanyamaza. Walisema "chelewa chelewa", maana walijua kwamba mtu hachelewi kwa siku moja. Leo hukawia kidogo, kesho hukawia kidogo tena, na kila mara ana sababu nzuri mkononi. Watu wengi hudhani methali hii iliwekewa wavivu, wale wanaolala mpaka jua lichome bati. Sivyo. Mvivu anajulikana, na hakuna anayemtegemea. Methali hii huwauma zaidi wenye bidii, wenye saa mkononi na kalenda ukutani, watu ambao kila jambo wamelipangia siku yake, isipokuwa lile ambalo siku yake ilikuwa leo. Emérance Vahwere alikuwa mtu wa namna hiyo.

Emérance alikaa kata ya Bigo, hapa Bunia, mashariki ya Kongo, pamoja na mumewe Ephraïm aliyeuza misumari na mabati sokoni. Wazazi wake walitoka Butembo kabla hajazaliwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kusuka nywele mistari midogo midogo, na viatu vyake vilikuwa safi hata wakati wa matope. Asiyejua matope ya Bigo hawezi kujua hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Alifundisha katika chuo kikuu kama msaidizi, huku akiutafuta udaktari. Si ule udaktari wa sindano, bali ule wa vitabu. Utafiti wake ulihusu maji ya chemchemi ambayo watu wa mji na vijiji vya karibu hunywa: kama ni safi, na kama hubadilika mvua ikinyesha na jua likiwaka.

Sebuleni, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya ndoa, yeye alitundika karatasi ngumu, ndefu kama mkeka wa kulalia. Alikuwa ameichora kwa rula na kalamu za rangi, na miezi yote ya kazi yake ilikaa humo kama sahani kabatini. Kijani ilikuwa kuchota maji. Buluu ilikuwa kuyapima. Njano ilikuwa kuandika. Nyekundu, mwisho kabisa, ilikuwa siku ya kuitetea kazi yake mbele ya maprofesa. Nyuma ya ile nyekundu kulikuwa na kisanduku kidogo cheupe, na ndani yake aliandika kwa mwandiko mzuri: "Kuwarudishia wakaaji matokeo." Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo wenzake wote walivyopanga. Wenye maji waliambiwa habari za maji yao mwisho, maprofesa wakishamaliza kupiga makofi.

"Na miye niko rangi gani hapa?" Ephraïm alimwuliza siku moja, akiisogelea ile karatasi na kikombe cha chai mkononi.

"Weye hauna rangi. Weye uko ukuta. Ukuta ikianguka, karatasi inaanguka."

"Sawa. Lakini hata ukuta inakulaka chakula."

Wakacheka. Nyumba yao ilikuwa na kicheko, ingawa haikuwa na mtoto. Mungu alikuwa hajawapa. Mtoto waliyempenda alikuwa wa jirani, Ketsia, mjukuu wa Mama Françoise. Mama yake Ketsia alifia Bambu alikokwenda kuwapikia wachimba dhahabu, na mtoto akabaki mikononi mwa bibi yake, angali mchanga wa kubebwa mgongoni. Siku ya ubatizo, Emérance ndiye aliyemshika mbele ya padri. Kwa hiyo alikuwa marraine wake, yaani mama wa ubatizo, na kwa watu wa parokia ile huo haukuwa urembo wa jina. Marraine alimnunulia mtoto nguo ya shule, marraine alimkaripia, marraine alimwombea. Ketsia alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele na tabia ya kuuliza maswali yasiyo na mwisho. Kila jioni aliingia kwa Emérance bila kubisha hodi, kama kuku anayeyajua makao yake.

Mama Françoise alikuwa mlinzi wa chemchemi ya Bigo. Hakuna aliyemlipa. Wanawake wenzake walimchagua kwa sababu alikuwa na sauti na hakuwa na upendeleo. Chini ya mteremko, maji yalitoka katika bomba fupi lililojengewa mawe, mahali ambapo watu walipaita kisima. Yeye alifagia pale asubuhi, akapanga foleni ya bidoni, yale madumu ya kuchotea maji, akafukuza bata na wafua nguo. Emérance alipokuja mara ya kwanza na chupa zake ndogo, Mama Françoise alimsikiliza akiwa ameegemea ufagio.

"Chota," akasema. "Maji ni ya Mungu, siye tunafagia tu. Lakini kitu moja, binti yangu. Ukikuta kitu mubaya mu maji, siye ndio ba kwanza kujua. Si radio, si Kinshasa. Siye."

"Nyinyi ba kwanza, mama," Emérance akajibu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Basi akaanza. Chupa zile zilikuwa na dawa ndani. Maji yakitiwa na kuachwa siku chache mahali penye joto, hubaki meupe kama ni mazuri. Kama uchafu wa choo cha watu umeingia, hugeuka meusi. Msimu mzima wa jua, chupa za Bigo zilibaki nyeupe, na Emérance alipaka kijani na buluu katika karatasi yake bila kuruka hata mstari mmoja.

Kisha ikaja mvua ya Pasaka, na kabla yake walikuwa wamekuja watu. Vita viliwatoa vijijini katika Djugu, wakajenga vibanda vya turubai juu ya mteremko, na kama binadamu yeyote wakachimba vyoo. Mvua iliponyesha, maji ya udongo yalijitafutia njia kwenda chini. Siku chache baadaye Emérance alifungua sanduku la chupa zake. Chupa ya Bigo ilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria.

Alidhani labda amekosea, labda mikono yake haikuwa safi. Akarudi kuchota, akapima tena. Ikawa nyeusi. Hapo hakuna wa kumlaumu. Mtu mwenye akili hutazama mara mbili kabla ya kupiga kelele.

Lakini mara ya pili ilikwisha pita.

Alimwandikia Profesa Anselme, promoteur wake, aliyekaa Kisangani na kumwongoza kwa simu. Alimweleza habari za mvua, joto, dawa na chupa, maneno mengi sana. Katika maneno yote hayo hakutia swali hata moja la kwamba, je, niwaambie watu? Profesa alijibu baada ya juma moja: "Mvua moja haitoshi. Chukua msimu wote. Fuata ratiba yako." Emérance alisoma jibu lile akapumua, kama mtu aliyepewa ruhusa ambayo hakuiomba.

Siku ile ile alianza kuchemsha maji ya nyumba yake.

Ephraïm aliona mfuko wa makaa unakwisha upesi. Njia zilikuwa mbaya, na makaa wakati ule yalikuwa kitu cha kupimiwa kwa mkono mzito. Akamkuta mkewe jikoni, sufuria kubwa ikitokota, moshi umejaa hadi juu.

"Hii maji unachemsha ya kuoga ama ya nini?"

Emérance akamweleza yote. Ephraïm aliketi juu ya kigoda, akakuna ndevu zake.

"Basi twende tumuambie Mama Françoise. Sasa hivi, kabla hawajachota ya jioni."

"Ngoja. Si bado nina msimu wa mvua wote ya kuchunga? Nikisema leo, watu watapanda kule juu na fimbo kwa wale bakimbizi. Unajua hii mji yetu. Unajua moto inawaka na kitu ndogo. Niwaambie wakati niko na majibu yote, na njia ya kutengeneza. Kwa heshima."

"Weye unachemsha ya kwetu. Na ya Ketsia?"

"Nimesema nitamuambia, Ephraïm. Nimalize kwanza hii kijani."

Ephraïm alimtazama mkewe, akaitazama karatasi kupitia mlangoni. Yeye aliishia darasa la sita, na kwa mambo ya chuo alizoea kumwachia. Akanyamaza. Katika kunyamaza kwake naye aliweka jiwe katika ukuta ule.

Jambo la woga wa fimbo halikuwa uongo. Kila aliyeishi Bunia miaka hii anajua jinsi neno moja linavyoweza kuchoma kata nzima. Lakini sababu ya kweli ikikaa muda mrefu bila kazi, hugeuka kuwa godoro. Mtu huilalia.

Jumapili moja baada ya misa, Mama Françoise alimtembelea Emérance pamoja na Ketsia. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kijani cha siku kubwa. Emérance alimkaribisha kiti kizuri, na kama ilivyo desturi, kabla ya habari yoyote, akamletea mgeni maji ya kunywa. Mama Françoise akapiga funda, akakitazama kikombe.

"Binti yangu, maji yako inanuka moshi."

Emérance alikuwa amesimama na sahani mkononi. Neno lilikuwa mdomoni mwake. Lilikuwa jepesi, lilihitaji pumzi moja tu. Akaiona ile karatasi juu ya kichwa cha mgeni wake, rangi zake zote, mistari yake yote iliyonyooka.

"Tunachemshaka, mama. Juu ya tumbo ya Ephraïm. Haisikii maji mabichi tena."

Mama Françoise alicheka mpaka akashika ubavu. "Tumbo ya muuza misumari! Inakula chuma, inaogopa maji! Ephraïm, baba, ulizaliwa hotelini?"

Ephraïm alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Ketsia naye alionja, akakunja pua. "Tantine, ya kisima iko tamu kuliko hii."

"Nyamaza, mutoto," bibi yake akasema. "Kwa watu unakunywa na unasema aksanti."

Ketsia akanywa, akasema aksanti.

Mvua zikaendelea. Bigo ikaanza kusikia watoto wenye kuhara, nyumba hii wawili, nyumba ile mmoja. Wengine walisema ni maembe mabichi. Wengine walisema ni unga wa fufu uliolowa. Mama mmoja alimtazama mke mwenzake kwa jicho baya na wakaacha kusalimiana. Emérance alisikia yote hayo. Usiku usingizi ulimwendea mbali, mchana kazi ikamwita. Kila asubuhi alipiga moyo konde kwamba jioni atashuka kwa Mama Françoise, na kila jioni alikuwa na chupa za kuosha.

Ikaja Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha kata. Watu walifika kwenye chemchemi na majembe na panga, hata baadhi ya wale wakimbizi wa juu walishuka kusaidia. Walikata nyasi, wakazibua mfereji. Kazi ilipokwisha, Mama Françoise akapiga makofi.

"Munyamaze. Kuko hapa mutoto wetu anasoma maji. Siye tunayakunywa tu, yeye anayasoma. Docteur, sema neno."

Watu wakacheka kwa upole, wakamgeukia. Mbele yake kulikuwa na wanaume wenye panga mikononi. Pembeni yao kulikuwa na wale wageni wa turubai, miguu yao ina matope sawa na ya wengine. Emérance aliona panga, akawaona wageni.

"Nawashukuru kwa salongo," akasema. "Utafiti inaendelea muzuri. Tukimaliza, tutarudi kuwaelezea yote."

Wakampigia makofi. Akarudi nyumbani, akajifungia, akalia. Kisha akanawa uso, akapaka kisanduku kimoja buluu.

Mwezi wa kufunguliwa shule ulipofika, kijani ya mwisho katika karatasi ilikuwa Bogoro, kijiji cha wakulima kwenye njia inayoelekea ziwani. Baada ya hapo kuchota kungekwisha na angeanza kuandika. Emérance alijiahidi, na alimwahidi Ephraïm, kwamba siku atakayorudi kutoka Bogoro ndiyo siku atakayomwambia Mama Françoise. Safari hii alikusudia kweli. Hata maneno aliyapanga.

Asubuhi ya safari, pikipiki ikimngoja barabarani na kuguruma, alipita kwa Mama Françoise kuaga. Alimkuta mlangoni, kanga imefungwa kiunoni, macho mekundu.

"Ketsia ameharisha tangu jana," Mama Françoise akasema. "Mwili iko na moto. Anakataa kula. Nifanye nini, weye unajua haya mambo?"

Emérance aliinama mlangoni. Ketsia alikuwa amelala juu ya mkeka, midomo imekauka. Akamwinulia mkono kidogo. Emérance akamshika paji la uso. Huko nje mwendesha pikipiki akapiga honi. Mvua ilikuwa inakusanyika upande wa ziwa, na njia ya Bogoro ikinyeshewa haipitiki.

"Mumupe maji mingi," akasema kwa haraka. "Mingi sana, kidogo kidogo, hata akikataa. Na akizidi, mumupeleke kituo cha afya. Miye kesho niko hapa."

"Maji mingi," Mama Françoise akarudia, kama mtoto wa katekisimu.

"Ndiyo, mama. Maji mingi."

Akapanda pikipiki. Walipofika mlima wa kwanza, mkono wake ulikuwa bado unahisi joto la paji lile, na ndipo akasikia ndani ya kichwa chake neno alilolisema na neno ambalo hakulisema. Angeweza kumwambia dereva ageuze. Alitoa simu, akampigia Ephraïm ili akimbie kwa jirani. Ephraïm alikuwa sokoni, na simu yake ilikuwa imezimika. Akaandika ujumbe mfupi: "Muambie Mama F. achemshe." Kisha wakashuka upande wa pili wa mlima, mtandao ukakatika. Ujumbe ule haukwenda.

Bogoro alichota maji yake. Alasiri ile risasi zilisikika upande wa bonde, askari wakafunga njia. Kesho yake njia ilikuwa bado imefungwa, na kesho kutwa pia. Emérance alilala katika nyumba ya katekista, sanduku la chupa miguuni pake, akila alichopewa bila kujua ladha yake. Kila mara alipanda kichuguu nyuma ya nyumba, akanyanyua simu juu kama mtu anayeomba mvua. Haikushika.

Njia ilipofunguliwa, walirudi mbio. Walipopanda ule mlima wa mwisho na paa za Bunia zikaonekana, simu ikaanza kulia mfululizo mfukoni mwake. Hakuhitaji kusoma mingi. Ujumbe wa Ephraïm ulikuwa wa maneno machache: "Ketsia ametuacha. Kuya."

Kwa Mama Françoise walikuwa wametandika turubai kubwa la matanga. Wanaume walikaa kwenye viti vya kukodi, wanawake mikekani. Sanduku lilikuwa dogo sana, limefunikwa kitambaa cheupe cha ubatizo, kile kile Emérance alichokinunua kwa mkono wake. Mlangoni ulisimamishwa msalaba wa mbao ulioandikwa jina la mtoto kwa rangi nyeusi. Desturi ya parokia yao ilikuwa hii: mtoto akifa, mama yake wa ubatizo ndiye huubeba msalaba kutoka nyumbani hadi kaburini. Walikuwa wanamngoja yeye.

Emérance alipoingia chini ya turubai, wanawake waliinua kilio. Yeye hakuyaangalia hata yale machozi. Aliangalia bidoni za manjano zilizopangwa kando ya ukuta, na msichana aliyekuwa akipita katikati ya wafiwa na kikombe. Walikuwa wanakunywa. Wazee walikuwa wanakunywa, watoto walikuwa wanakunywa, na mama mmoja alikuwa akimnywesha mtoto aliyempakata.

Akamkimbilia, akakishika kikombe kile. Maji yakamwagika.

"Musikunywe," akasema. "Musikunywe hii maji."

"Uchungu umemuzidi," mzee mmoja akasema. "Mumukalishe."

"Sina wazimu, baba. Maji ya kisima iko mubaya. Vyoo vya juu vinaingia ndani yake. Musikunywe."

Kilio kikakatika. Emérance akapiga magoti kwenye mkeka wa Mama Françoise, viatu vyake vikiwa na matope ya Bogoro mpaka kwenye vifundo. Mama Françoise alikuwa ameketi miguu imenyooshwa, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Hakupaza sauti.

"Tangu wakati gani unajua?"

"Tangu mvua ya Pasaka, mama."

Mama Françoise akatikisa kichwa polepole, kama anayehesabu kitu ambacho hakitaki kwisha.

"Siku ile nilikuya kwako. Maji yako ilinuka moshi."

"Ndiyo, mama."

"Ulisema ni tumbo ya Ephraïm."

"Ndiyo."

"Nikacheka," Mama Françoise akasema. "Na asubuhi ile ulisema nimupe maji mingi. Nilimupa. Alikuwa anakataa, anageuza kichwa. Nikamushika pua nimuingizie. Nikamuambia, kunywa, mama yangu, tantine Emérance amesema. Jina yako akaisikia, akakunywa."

Maneno aliyoyapanga kwa ajili ya siku ya kurudi kutoka Bogoro yalikuwa mazuri, na hapakuwa tena na mahali pa kuyaweka.

Wakati ulifika wa kutoka. Mwanamke mmoja wa chama cha akina mama, Marie-Claire, aliyekuwa nyuma ya nyumba na hakusikia lolote, alikuja na ule msalaba akamwekea Emérance mikononi, kwa desturi. Mama Françoise aliinuka. Ilimchukua muda kuinuka, akijishikiza mabegani mwa wenzake. Akautoa msalaba katika mikono ya Emérance, bila kumsukuma, kama mtu anayechukua kisu kwa mtoto, akamrudishia Marie-Claire.

"Beba weye," akasema. Kisha akamgeukia Emérance. "Mwenye mutoto haingoji kalenda. Huyu haiko mutoto wako."

Msafara ukaondoka. Emérance alibaki chini ya turubai pamoja na viti vitupu na bidoni za manjano. Ephraïm alikuja, akaanza kuzimwaga moja baada ya nyingine, na maji yakatambaa mpaka kwenye magoti ya mkewe, naye hakusogea.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa salongo tena. Chifu wa kata aliwaita watu, akawaeleza kinagaubaga. Hakuna aliyeinua fimbo. Walipanda mteremko na majembe yale yale, na wakimbizi ndio waliotangulia, kwa maana nao walikuwa na watoto wenye kuhara na walikunywa maji yale yale. Vyoo vilifukiwa, vikachimbwa upande wa pili wa kilima, maji yakaanza kutiwa dawa. Kabla jua halijafika utosini kazi ilikuwa imekwisha. Jambo lililoogopwa tangu Pasaka lilikuwa jasho la asubuhi moja.

Emérance alimaliza kuandika. Siku ya nyekundu ilifika kama ilivyopangwa, haikutangulia wala haikuchelewa. Maprofesa walimpa alama nzuri, na mwenyekiti wao alimsifu mbele ya watu wote kwamba ni nadra kumpata mtafiti anayejua kupanga wakati wake namna ile. Makofi yakapigwa. Wenzake walisema alisimama kama nguzo, hakutabasamu hata kwa picha.

Kikabaki kile kisanduku cheupe. Juma lililofuata alishuka kwenye chemchemi asubuhi, wakati wa foleni, akiwa na karatasi zake. Alieleza yote kwa lugha ya pale nyumbani, mvua, vyoo, chupa nyeusi. Wanawake walimsikiliza wakiwa wameketi juu ya bidoni zao. Mama Françoise alisikiliza hadi mwisho, ameegemea ufagio wake kama siku ya kwanza. Emérance alipomaliza, alingoja.

"Aksanti, docteur," Mama Françoise akasema kwa adabu, kama anavyoambiwa mgeni. "Hiyo tunajua."

Hakumwita binti. Akageuka, akamwonyesha kidole mwenye bidoni ya mbele, foleni ikasogea. Emérance alipanda mteremko peke yake. Nyumbani aliiondoa ile karatasi ukutani, na nyuma yake ukuta ulikuwa mweupe, ilhali sehemu nyingine zote zilikuwa zimeliwa na moshi wa maji aliyokuwa akiyachemsha.

Ama kweli, waliosema hawakukosea: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.